Kesi ya Mwamba wa Kuanikia Michembe

Jumatatu, 3 Juni

Nimeamua. Kesho tunamshitaki Mzee Bujiku.

Sababu niiandike vizuri, ili siku nikiwa wakili nije kuisoma. Kati ya shamba la Bibi na shamba la Mzee Bujiku kuna mwamba. Mpana, bapa, unapata jua kutwa nzima. Bibi Paskalia anaanika michembe pale tangu alipoolewa. Viazi vinamenywa, vinakatwa, vinaanikwa, vikikauka vinaingia ghalani, na mvua zikianza ndivyo tunavyokula. Hakuna mwamba, hakuna michembe. Sasa mwezi wa nne Mzee Bujiku kapanda mstari wa minyaa upande wetu. Yaani mwamba wote uko kwake! Anasema baba yake ndiye aliyekuwa akianika hapo. Bibi anasema baba yake alikuwa akilala hapo, tena kalewa.

Mwenyekiti wa kitongoji kamwambia Bibi aende Baraza la Kata. Baraza! Baraza ni watu wa kukaa na kuzungumza. Mahakama ina bendera, ina nembo, ina hakimu. Mimi nimesoma shule ya msingi ya Kiingereza kule Ibadakuli, sekondari nimemaliza, mwezi wa saba naingia kidato cha tano. Siwezi kuanzia barazani.

Nimeandika malalamiko kwa Kiingereza. Ukurasa mmoja na nusu. Kuna maneno mle hata mimi siyajui vizuri. Bibi kaniuliza yanasema nini. Nikasema yanasema mwamba ni wetu. Kauliza mbona marefu hivyo.

Kasoro yangu ni moja: nina aibu. Mbele ya watu wanne sauti inaondoka. Wakiwa watano inaondoka na mate. Lakini karatasi haina aibu.

Jumanne, 4 Juni

Kharumwa. Mahakama ya Mwanzo. Bendera ipo. Nembo nayo ipo.

Karani ni baba mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi. Kapokea karatasi, kasoma mstari wa kwanza, kageuza nyuma, karudi mbele. Kisha kaniomba nimweleze kwa mdomo. Benchi zima likageuka. Nikawahesabu: tisa. Sauti hiyoo, ikaenda zake.

Nikanyoosha kidole kwenye karatasi. Kasema karatasi ameiona, anauliza nataka nini. Nikanyoosha tena. Mama mmoja benchini akasema maskini, kumbe bubu, akanipisha nikae.

Ikabidi Bibi aingie. Bibi hana aibu hata chembe. Kasimulia mwamba, minyaa, ulevi wa baba yake Bujiku, na maradhi ya Babu ambayo hayahusiki kabisa. Watu wakacheka, wengine wakampa pole.

Karani kasikiliza mpaka mwisho. Kisha kasema: mama, hii ni ardhi, na Mahakama ya Mwanzo haigusi kesi ya ardhi. Ardhi ina njia yake. Kwanza Baraza la Kata mkasuluhishwe. Ikishindikana, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, Geita. Asiyeridhika na Geita ndiyo anakwenda Mahakama Kuu. Kauliza pia nani kaandika kile Kiingereza, maana hapa kesi zinasikilizwa kwa Kiswahili.

Sauti ikanirudia ghafla. Nikasema mjomba.

Sina mjomba anayejua Kiingereza.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepata akili! Kosa langu nilisema ardhi. Nisingesema ardhi wangepokea. Nimeandika upya, kwa Kiswahili: Mzee Bujiku ameingia kwa jinai na kupanda minyaa bila idhini. Hiyo ni jinai. Jinai ni ya mahakama. Wananibana wapi?

Nimekwenda peke yangu, nimejifunga kitenge kichwani mpaka kwenye nyusi ili karani asinijue. Kanijua kabla sijafika mezani. Kauliza mjomba hajambo.

Kasoma. Kacheka kidogo, siyo kwa ubaya. Kasema huwezi kumwita mtu mvamizi kabla haijajulikana eneo ni la nani, na hilo la nani haliulizwi hapa. Kwa hiyo nizunguke nizungukavyo, nitatokea Baraza la Kata. Nikataka kubisha. Benchini walikuwa watano. Nikaacha.

Nageuka, uso kwa uso na Mzee Bujiku!

Nikasema shikamoo babu. Akasema marahaba mayu, yaani mama, umekuja kufanya nini huku kwa wakubwa? Nikasema kugonga muhuri vyeti vya shule. Karatasi ya kumshitaki iko mkononi. Nikaikunja, nikaikunja, ikawa ndogo kama kitumbua. Yeye kaja na kesi ya ng'ombe wa watu waliomlia mahindi. Hiyo karani kaipokea! Nikauliza kwa sauti ya chini kwa nini. Karani kasema mahindi yaliyoliwa ni fidia, hakuna anayegombea shamba pale.

Mzee Bujiku kasema jua kali, nipande nyuma ya baiskeli yake. Ningekataaje? Kilomita nane. Kila tuliyepishana naye alisalimiwa, na kila aliyesalimiwa aliambiwa huyu mjukuu wa Paskalia anaingia kidato cha tano, msimwone kimya hivi, kichwa chake ni moto.

Nimerudi nyumbani nimebebwa na mshitakiwa. Hili halitaingia kwenye jalada.

Jumatatu, 10 Juni

Barazani. Ofisi ya kata, chumba kimoja, mabenchi mawili. Hakuna hakimu, hakuna joho. Wajumbe sita, watatu akina mama. Mwenyekiti ni Mama Mwanaima, ambaye siku nyingine zote anauza dagaa gulioni. Katibu ni Bwana Valerian. Ana daftari moja, kalamu mbili.

Mama Mwanaima kaeleza taratibu. Kasema zamani baraza lilikuwa linatoa uamuzi, sheria ikabadilishwa, sasa kazi yao ni kusuluhisha tu. Hawamwambii mtu umeshinda wala umeshindwa. Wana siku thelathini. Wakipatanisha, inaandikwa, watu wanaweka dole gumba. Wakishindwa, Katibu anajaza hati ya kushindikana, na kwa hati hiyo ndipo Geita wanafungua mlango.

Masikio yangu yakasimama.

Hati ya kushindikana! Kwa hiyo barazani anayeshindwa ndiye anayeendelea mbele! Geita kuna mwenyekiti aliyesomea sheria. Kuna hukumu iliyopigwa chapa. Kazi yangu ni moja: upatanisho huu uvunjike.

Nilikuwa nimejiandaa na barua pia. Naomba pande zote mbili zikae mbali na mwamba mpaka shauri liishe. Nilikwishasoma mahali fulani, mawakili huwa wanaomba hivyo. Nikampa Katibu aisome yeye. Mama Mwanaima kasema hana mamlaka ya kuamuru zuio, ila wahusika wakikubaliana wenyewe, sawa. Kamgeukia Mzee Bujiku.

Mzee Bujiku kasema ndiyo kabla swali halijaisha. Kasema mtoto huyu ana busara sana.

Bibi akaniangalia. Nikatikisa kichwa kama mtu anayejua anachofanya. Akakubali.

Njiani Bibi kaniuliza kama najua kwamba Bujiku amemaliza kuanika udaga wake wa mihogo wiki iliyopita. Nikasema hapana. Kauliza kama najua yeye mwenyewe ana magunia matano ya viazi yaliyochimbwa, yako uani.

Najua. Nilisaidia kuyabeba.

Jumatano, 12 Juni

Siku ya kumfundisha Bibi. Kanuni tatu. Kwanza, asimsalimie Bujiku. Pili, kila wakipendekeza kitu aseme siafiki. Tatu, akunje uso.

Ya tatu kaiweza mara moja, maana alikuwa anaangalia viazi. Ya pili kaigeuza, kila nikisema kitu mimi anasema siafiki. Nimwambie aje tule, siafiki. Nimwambie apumzike, siafiki. Ya kwanza kakataa katakata. Kasema Bujiku alikuwa rafiki wa marehemu Babu, ni shemeji yake, na hajawahi kumpita shemeji yake kama anapita kisiki. Kesi ni kesi, salamu ni salamu.

Kasema pia viazi vimeanza kulegea. Nikamwambia awe mvumilivu, tunajenga hoja. Kauliza hoja inaliwa na maziwa au mchuzi wa karanga.

Ijumaa, 14 Juni

Kikao cha pili. Mambo mabaya!

Mzee Bujiku kaingia, kaanza mwadila. Bibi kaitikia mwadila. Nikamfinya. Haikusaidia. Sisi Wasukuma salamu ikianza haikatiki mpaka imefika mwisho wake. Wakaulizana hali ya nyumbani. Hali ya watoto, mmoja mmoja, kwa majina. Hali ya ng'ombe. Goti la Mzee Bujiku. Bibi kasema goti hilo alimwambia zamani aende Kolandoto akaonwe na madaktari. Mzee kasema alikwenda, wabeja, asante sana, na dawa walimpa. Wajumbe wanasubiri. Robo saa! Walipomaliza walikuwa wamekaa benchi moja. Hata sijui Bibi alihama saa ngapi.

Ikabidi nichukue hatua. Nikaandika kikaratasi, nikampenyezea Bibi: mkumbushe alivyosema kwamba wewe ulikuja hapa kuolewa na hujui mpaka wowote. Bibi kasoma herufi moja moja. Uso ukabadilika. Akasimama.

Mungu wangu! Alichosema siwezi kukiandika chote. Alianza na minyaa akaishia kwa baba yake Bujiku, kwa babu yake Bujiku, na kwa mbwa wao aliyekufa mwaka ule wa njaa. Mzee Bujiku naye kasimama, goti likasahaulika. Kasema Paskalia, huo mdomo wako ungekuwa jembe tungelima kata nzima. Bibi kasema jembe analo, na akimkuta karibu na mwamba atalitumia.

Bwana Valerian akafungua ukurasa wa nyuma wa daftari. Akachukua hati. Akafungua kalamu! Niliona kwa macho yangu akiandika tarehe. Nikajiona Geita, nimevaa nyeusi na nyeupe.

Kisha mjumbe mmoja, mama aliyekuwa anasuka ukili tangu asubuhi, kasema siku thelathini hazijaisha, na hakuna hata mmoja wao aliyeuona huo mwamba. Waende kwanza wakaukanyage. Wote wakaafiki. Jumatatu ni Idi, kwa hiyo Jumanne.

Valerian akafunga kalamu. Ule mlio wa kifuniko! Nausikia mpaka sasa.

Jumapili, 16 Juni

Fukusi wameingia kwenye gunia la kwanza.

Bibi kajaribu kuanika juu ya bati. Bati letu lina mteremko. Vipande vikateleza vikaangukia kuku. Kajaribu turubai chini, mbuzi wakaja. Nikamwambia avunje makubaliano aanike tu mwambani, gizagiza, jiwe bado lina joto, asubuhi aanue. Kasema aliweka neno lake mbele ya watu sita, na barua iliandikwa na mjukuu wake mwenyewe.

Hajanigombeza. Afadhali angenigombeza. Kakaa kwenye kigoda anachambua vizima na vibovu, vibovu anarusha, vizima anavipanga. Rundo la vibovu linakua. Kifuani kuna kitu kinanichoma. Nafikiri ni uji, niliunywa wa moto.

Lakini nimepata dawa. Jumanne hawatakiwi kupatana. Ili wasipatane, Mzee Bujiku inabidi aupende mwamba zaidi. Mtu haachii kitu chenye thamani. Leo baada ya kanisa nimemwendea Blessing, binti wa mama muuza soda, nikamnong'oneza kwamba nasikia ule mwamba una dhahabu. Habari itamfikia Mzee Bujiku, atang'ang'ania, usuluhishi utavunjika, Geita!

Nimemwambia Blessing ni siri. Blessing ameapa.

Jumatatu, 17 Juni

Idi. Kijiji kimetulia. Mbona pikipiki nyingi hivi zinapita?

Jumanne, 18 Juni

Sijui nianzie wapi.

Saa moja asubuhi nimeamshwa na kelele za nyundo. Natoka nje. Mwambani kuna watu kama thelathini! Wana nyundo, mitalimbo, karai, mmoja ana kifaa kinacholia kikinusa dhahabu. Wengine wameshapima vipande vyao kwa kamba. Mama mmoja ameshabandika sufuria ya chai. Rashi ya dhahabu! Katika mkoa huu ukisema dhahabu Jumapili, Jumanne una mtaa. Mimi ninaishi hapa, nimekulia hapa, na sikulifikiria hilo hata dakika moja.

Na Blessing alikuwa amefikisha kwa kila mtu isipokuwa Mzee Bujiku.

Bibi kapita mbele yangu na mchi. Upande wa pili Mzee Bujiku anakuja na fimbo ya ng'ombe, anakimbia, goti gani! Wamekutana juu ya mwamba. Hawakusalimiana. Ndiyo mara ya kwanza, nilitamani Ijumaa ingekuwa hivyo. Wakasimama mgongo kwa mgongo. Mzee Bujiku kapiga kelele kwamba huu ni mwamba wa Paskalia, anaanikia michembe tangu enzi za marehemu, atakayegonga tena atamvunja mkono. Bibi kasema huu ni mwamba wa Bujiku, baba yake alikuwa akianika hapa, watoke!

Wachimbaji wakachanganyikiwa. Mmoja kauliza kwa adabu: samahani wazee, tujue basi, wa nani? Wote wawili wakajibu kwa pamoja: wetu!

Hapo ndipo wajumbe wa baraza walipotokea na daftari lao.

Mchimbaji mmoja wa rika la wale wazee wawili, anaitwa Athanas, alikuwa ameshabanjua kona moja. Kageuza kile kipande, kakilamba, kakiangalia juani. Kasema jamani tumechezewa. Hili ni jiwe la kuanikia viazi tu. Wakaanza kufunga vitu, wananuna. Mmoja kauliza ni nani aliyeleta habari hii ya uongo. Niliangalia miguu yangu. Ina vidole kumi, nimehakikisha.

Mama Mwanaima kakaa mwambani, kakusanya kanga yake, kasema mwamba una joto zuri. Kawauliza wale wawili: mmesema wetu, niandike wetu? Bibi kateremsha mchi. Bujiku kateremsha fimbo. Kasema andika.

Na ikaandikwa palepale. Minyaa inang'olewa. Upande wa juu Bibi, upande wa chini Mzee Bujiku, katikati hatua moja ya kupita. Bibi aanze mara moja. Dole gumba, dole gumba. Valerian akachana ile hati yangu yenye tarehe, akafutia nayo wino vidoleni.

Nilijaribu kusema pingamizi. Watu walikuwa wengi mno.

Jumatano, 19 Juni

Magunia mawili yameoza. Matatu yamepona. Yatatutosha mpaka mwezi wa pili, kasema Bibi, tukila kwa adabu.

Hajaniuliza kuhusu dhahabu. Asubuhi kaweka magunia matatu mbele yangu na kisu juu yake. Kasema mwanasheria, kazi hiyo hapo. Mzee Bujiku kaja kusaidia. Yeye na Bibi wanamenya huku wanacheka, wanakumbushana yule mbwa. Mzee Bujiku kaniambia mayu, ile barua yako ilikuwa nzuri sana, ilitaka kutuua na njaa.

Nimemenya mpaka vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Mwamba ukajaa vipande vyeupe upande wa juu wote. Jioni Bibi kaupitia kwa macho, mwanzo mpaka mwisho. Kisha kakaa chini akanyoosha miguu. Sijamwona amenyoosha miguu tangu mwezi wa nne.

Nilifurahi. Nakiri. Kidogo.

Jumapili, 23 Juni

Nimeonewa!

Leo nimefua blanketi na sweta la shule, maana nasafiri wiki ijayo. Nikaanika mwambani, katikati, kwenye ile hatua moja ya kupita. Sikugusa juu, sikugusa chini. Bibi katoka kasema ondoa, hapo ni njia. Mzee Bujiku naye, kutoka kwake kule, ondoa mayu, hapo ni njia! Wawili dhidi ya mmoja. Tena wanasikilizana.

Nikakaa nikasoma yale makubaliano upya, kwa jicho la kisheria. Upande wa juu una mwenyewe. Wa chini una mwenyewe. Wa katikati umeandikwa ni wa kupita. Haukuandikwa ni wa nani! Baraza zima, watu sita, kalamu mbili, wamesahau! Na mimi ndiye mtu wa kwanza kuweka blanketi pale.

Barazani sirudi, wale watatupatanisha tu. Naanzia Geita moja kwa moja. Nimeshaandika kurasa mbili, kwa Kiingereza, waone uzito. Mlalamikiwa wa pili ni Mzee Bujiku. Mlalamikiwa wa kwanza ni Bibi.

Ananiita kutoka jikoni, anasema ugali umeiva na mlenda upo. Nitamkabidhi hati nikishakula.